Miembe Minne ya Bibi

Miche ile niliimwagilia mimi. Nilikana mbele ya mama, nikakana mbele ya wazee, na hata baadaye, shahada ikiwa ukutani, nilisimulia habari hii kana kwamba sikuwahi kushika ndoo.

Chuoni nilifundishwa maneno yenyewe. Wasia ni tamko la mtu kuhusu mali yake akishafariki. Mnufaika ni anayeachiwa. Mdhamini ni anayeishika mali kwa faida ya mnufaika, na hata tunda moja si lake. Mtihani huo nilifaulu vizuri sana, miaka kumi baada ya kufeli somo lenyewe kando ya Mto Tana.

Kwetu ardhi ya mtoni ni ya ukoo. Mti ni wa aliyeupanda. Katikati ya miaka ya hamsini bibi, mzaa baba, aliniachia miembe yake minne mbele ya wazee, aishike baba mdogo hadi nimalize shule. Baba alikuwa amekufa. Embe hizo ndizo zilizotulisha mama na mimi.

Likizo ya kwanza kutoka shule ya bweni nilikuta mwembe mmoja umeshachongwa mtumbwi. Baba mdogo alisema ulikuwa umeoza ndani, ingawa mtumbwi haukuvuja. Alipanda mche palepale, akanipa ndoo.

"Huu ni wako, mama. Wewe ndiye msomi wetu, mwagilia mali yako."

Nilivimba kichwa. Ikawa hivyo kila likizo, mpaka miembe ya bibi ikaisha.

Mama alipomshtaki kwenye baraza la wazee mjini Garsen, baba mdogo alijibu kwa upole kwamba miti ya amana ilikufa. Hii michanga aliipanda yeye, nami nilimsaidia. Mama akanigeukia. Nikasema sijagusa mche wowote, maana kwa wazee wetu anayeona mtu akipanda asipinge, amekubali mti uwe wa mpandaji. Shauri likaahirishwa, nikarudi bwenini, Mombasa.

Wiki mbili baadaye mwalimu mkuu aliniita ofisini kwake nipokee simu. Aliyepiga alikuwa karani wa baraza. Alisema jirani ameapa kwamba aliniona na ndoo, na wazee wanataka neno langu la mwisho.

"Uliimwagilia?"

"Ndiyo. Alisema ni yangu."

"Alisema mbele ya nani?"

"Mbele yangu."

Nilimsikia akiwaeleza wazee, kisha akarudi.

"Basi, binti, ni yake."