Viboksi kwenye Mpira

Harufu ya tyubu inayozibwa kwa moto, kwa fundi baiskeli wa Magomeni, imenirudisha uani kwetu Msowero, siku baba alipotengeneza mpira wa kumfungia mama kwenye baiskeli. Mama alikuwa hawezi tena kukaa bila kushikwa, na hospitali ilikuwa Kilosa mjini.

Baba alikata tyubu ya lori ukanda mrefu, akauchora viboksi vinavyolingana kwa kalamu. Ndivyo alivyokuwa akipima mikanda ya mashine kwenye karakana ya mkonge, kabla shamba halijauzwa.

"Vuta, mama," aliniambia mimi, binti yake.

Nikavuta. Viboksi vilirefuka sawasawa, isipokuwa kimoja kwenye ncha ya mpasuko mdogo ukingoni. Hicho kilinyooka kama kidole.

"Umeona? Nguvu yote inakimbilia hapo. Hapo ndipo utakapokatikia."

Hatukuwa na tyubu nyingine. Alichoma tundu la mviringo kwenye ile ncha kwa msumari wa moto, ili nguvu isambae kulizunguka, tukavuta tena. Mpasuko haukuendelea.

Mama alicheka wakati anafungwa. "Baba watoto, mimi gunia la mahindi?"

"Gunia halina maneno mengi hivyo."

Wakaondoka, viboksi vimetanuka mgongoni kwa mama.

Baba alirudi peke yake, anakokota baiskeli, akawaambia majirani waanze kuchimba kaburi. Mpira ulikuwa umeviringwa kwenye keria, haujakatika popote. Niliukunjua. Viboksi vilikuwa vimerudi vidogo, kama alivyovichora.