Panya Wawili wa Jumatatu

Nakumbuka Jumatatu moja ya mwezi wa saba, mwanangu, baridi ya Mbeya imekaza, nilipofungua banda la panya nikakuta wawili wamelala chali. Habari ya siku hiyo sijawahi kuisimulia nyumbani. Leo nakusimulia wewe, kwa sababu umepata kazi maabara, na jana ulinionyesha koti lako jeupe unacheka, mimi nikashindwa kucheka. Kaa vizuri. Usinikatize, maana nikikatizwa nitapata kisingizio cha kunyamaza. Najijua.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Kazi yangu ilikuwa kutunza panya weupe katika maabara moja pale Mbeya iliyokuwa inapima dawa za miti shamba. Kulisha, kufagia, kuwapa dawa, kuandika daftarini. Wenzangu waliidharau kazi hiyo, lakini mimi niliiringia. Nikirudi Nyololo kwa dada yangu Yustina, mama yako, nilitembea kama daktari mzima. Yeye alikuwa anauza viazi barabarani, na vidonda vya tumbo vilikuwa vimemtesa miaka. Hospitali alikwenda, vidonge alimeza. Akipata nafuu mwezi huu, mwezi unaofuata anajikunja tena nyuma ya ndoo zake.

Ndipo tukasikia habari za Babu Mgaya, mganga wa miti shamba wa kule Mafinga. Usimfikirie mtu wa tunguri na vitisho. Alikuwa mzee mpole, Mlutheri wa kanisani kila Jumapili, anachemsha magome na kuwapa wenye tumbo, nao wanapata nafuu. Baba yake alimfundisha kuwa dawa ile inanywewa siku tatu, basi. Sasa watu wa vidonda walitaka kuinywa wiki hata miezi, naye akaogopa. Akafunga magome kwenye kiroba, akapanda basi hadi Mbeya, akatuomba tumpimie kama ikinywewa muda mrefu haidhuru. Waganga wangapi wanafanya hivyo, hebu niambie? Mama yako naye akasema hataigusa mpaka nimletee jibu.

"Panya wako wakiinywa wakabaki wazima, na mimi nitakunywa," aliniambia, wewe umelala mapajani mwake.

Tuliwagawa panya tisa makundi matatu. Watatu walipewa maji matupu, watatu dawa kidogo, watatu dawa nyingi, kila siku kwa wiki nne, kwa sindano yenye ncha butu inayopitishwa mdomoni mpaka tumboni. Kila mmoja alichorwa mistari ya wino mkiani ili tusiwachanganye. Akifa mmoja, sharti lilikuwa aandikwe saa hiyohiyo na mzoga uwekwe kwenye barafu, daktari wetu aupasue aone ini na figo. Niliwahurumia wale wanyama, usinione mgumu. Lakini tuliwatumia ili binadamu asije akawa wa kwanza kudhurika, na mtu anayewatumia hivyo halafu akadanganya amewaua bure.

Jumapili ya wiki ya pili ilikuwa zamu yangu. Kwaya yetu ilialikwa Iringa, na mimi nilikuwa nimeshashona gauni. Nikajaza chupa za maji Jumamosi, nikajiambia siku moja si kitu, nikaenda zangu kuimba. Jumatatu ndiyo hiyo niliyokwambia. Wawili kati ya watatu waliokuwa wanapewa dawa nyingi wamekufa, chupa yao imekauka kabisa, na jiko la mkaa la kuwapasha joto limezimika. Nikajua hawa wamekufa kwa kiu na baridi, na mimi ndiye niliyewaua. Kwamba huenda ni dawa, wazo hilo lilikuja, sikatai. Nikalifukuza, kwa sababu nilikuwa naogopa aibu yangu kuliko kitu kingine chochote.

Nikaitupa mizoga kwenye tanuru la kuchomea taka. Nikachukua wawili wanono kutoka banda la panya wa kuzalisha, nikawachora mistari ileile mkiani. Daftarini nikaandika uzito wa kubuni, na mbele ya Jumapili nikaweka alama kwamba wote wamepewa dawa na wako wazima. Kazi yote haikuchukua hata nusu saa.

Wiki nne zilipotimia daktari akawapasua. Maini ya wale niliowaingiza yalikuwa safi, yangekosaje kuwa safi, nao wameinywa wiki mbili tu? Ini la yule wa tatu lilikuwa na madoa ya manjano. Daktari akaligeuza, akakunja uso. Kisha akasema mmoja kati ya watatu huenda alikuwa na ugonjwa wake mwenyewe. Nilikuwa nimesimama pembeni yake nimeshika sinia. Neno moja tu lingetosha, mwanangu, nami nilijitia hamnazo. Ikaandikwa kwamba kwa kipimo hicho cha awali hatari haikuonekana.

Jibu nililipeleka Nyololo mimi mwenyewe. Mama yako alifurahi mno, akanipikia kuku. Alikunywa dawa ile miezi miwili, tumbo likatulia, akanenepa kidogo, akawa ananisifu kwa majirani. Mwezi wa tatu macho yakawa manjano. Hospitali walisema ini limeharibika, na siku ya tisa akafariki. Wewe ulikuwa na miaka mitatu. Ulikuwa unauliza watu wote wale wamekuja kula nini.

Babu Mgaya alikuja msibani. Watu walimgeuzia mgongo, wengine wakasema wazi kwamba muuaji amekuja kuangalia kazi yake. Alitoa pole, akaniita kando ya zizi, akanisalimia kamwene kwa upole uleule, kisha akauliza kama panya wale walikuwa wazima kweli. Nilitaka kudanganya tena, nikashindwa. Nikamwambia yote, kuanzia gauni la kwaya.

Hakunipigia kelele. Ningeshukuru angenipiga.

"Binti yangu, mimi sikuja kwenu kusifiwa," akasema. "Nilikuja kuuliza kwa sababu sijui. Panya wako walinijibu, wewe ukalificha jibu langu."

Kesho yake alianza kupita nyumba kwa nyumba, Mafinga mpaka Nyololo, akiomba watu wamwage dawa yake, bila kunitaja. Kisha akatulazimisha tupime upya. Safari hii nilimweleza daktari ukweli, nikafukuzwa, na aliyechukua nafasi yangu hakukosa siku hata moja. Maji yalikuwa yamejaa, jiko la mkaa linawaka, na wale watatu wa dawa nyingi wakafa wote, maini yameharibika.

Nyololo sikusema kitu. Nilikuchukua wewe, nikakulea, watu wakanisifu kwa moyo wangu mwema, na Babu Mgaya akaishi miaka yake iliyobaki akiitwa muuaji wa Yustina. Alikufa akiitwa hivyo. Mimi nilikwenda kuzika, nikakaa nyuma, nikarudi nyumbani. Naona haya mpaka leo. Wiki ijayo nakwenda Mafinga kuwaambia wanawe, kama miguu itakubali.

Sasa nakuasa, mwanangu. Ukikosa zamu, andika kwamba umekosa zamu. Panya akifa, mwandike amekufa, hata kama umemuua wewe kwa uzembe, na usijifanye unajua kilichomuua kabla hajapasuliwa. Watakusema, watakukata jina kazini, utalia, yatapita. Usiamini kwamba mnyama ni mdogo kwa hiyo na uongo juu yake ni mdogo. Na anapokuja mzee na kiroba cha magome, mheshimu kwa kumpa jibu la kweli, liwe tamu au chungu, maana kuna mtu nyumbani anasubiri jibu hilo ndipo anywe.

Mungu akutie nguvu ya kusema mapema, ile niliyoikosa mimi. Akulinde katika kazi ya mikono yako, akupe wazee wa kukukemea na masikio ya kuwasikia. Na kama kuanzia leo utashindwa kuniita mama, sitakulaumu. Baraka hii ni yako hivyohivyo.