Vidole Viwili vya Mama

Mdogo wangu tunamwita Kifutio tangu yuko darasa la pili. Watoto wengine walimaliza penseli, yeye alimaliza vifutio. Atachora kuku, amtazame, amfute, amchore tena, mpaka karatasi itoboke na kuku abaki hana kichwa. Baba, Mungu amrehemu, alikuwa akimwambia, "Mwache kuku wa watu apumzike, mama." Hakumwacha. Leo ni mtu mzima, miwani puani, anachora picha za vitabu vya watoto wa shule, na jina limebaki lile lile.

Kazi yake anaifanyia chumba cha nyuma, katika nyumba tunayokaa watatu: yeye, mimi na Mama. Ana kompyuta ya mezani inayovuma kama friji. Mbele yake kuna kibao cheusi chenye waya na kalamu isiyo na wino. Mkono unapita juu ya kibao, picha inatokea kwenye kioo. Siku ya kwanza nilidhani anafuta vumbi mezani.

"Macho yako huku, mkono uko kule," nikamwambia. "Hupotei?"

"Nimezoea, dada. Kama wewe unavyofuma kitambaa huku unaangalia nani anapita njiani."

Na ni kweli.

Kompyuta ile anaipenda kwa sababu haichoki naye. Kila kitu anakiweka kwenye tabaka lake, kama shuka zilizokunjwa kabatini: ngozi peke yake, nywele peke yake, kivuli peke yake. Akikosea nywele anavuta shuka la nywele tu, mengine hayaguswi. Na akifuta, karatasi haitoboki. Mungu anisamehe, lakini kwa mtu kama yeye hiyo ni pepo aliyopewa kabla ya wakati.

Basi macho ya Mama yakaanza kuzima. Daktari alisema ni presha ya macho. Jicho la kushoto limeshakwenda, la kulia linalifuata polepole, na dawa ya matone itachelewesha tu. Mama alisikiliza, akashukuru, akafunga mkoba wake. Tulipofika nyumbani, hata viatu hajavua, akasema, "Nataka nimwone baba yenu kabla hili moja halijafunga."

Baba hakupenda kupigwa picha. Iliyobaki ni ile ya kitambulisho, ndogo kama stempu, muhuri umepita kidevuni, mdomo umenyooka kama wa mtu aliyesimama mbele ya hakimu. Kifutio akasema atamchora. Kaka yetu, ambaye ni fundi wa fremu, alifurahi mpaka akatangulia kazi yake: akaleta fremu pana yenye kingo za rangi ya dhahabu, akaitundika sebuleni, tupu.

"Mimi nimemaliza," akasema. "Kazi kwako, Kifutio."

Wageni wakawa wanauliza. Mama akawajibu, "Mwanangu amenipiga picha ya ukuta."

Kifutio akaikuza ile picha ya kitambulisho kwenye kompyuta, akaanza. Alichora, akafuta, akachora. Kila tulipomweka Mama kwenye kiti mbele ya kioo kile, akisogea, mwanga unamchoma. Akirudi nyuma, haoni.

"Naona mwanga, na kitu cheusi katikati. Ni yeye?"

"Ni yeye, Mama."

"Mwambieni asogee basi."

Mimi na kaka tulicheka. Kifutio hakucheka. Akarudi kukaa, akalainisha paji la uso, akanyoosha masikio, mpaka Baba akafanana na mwanamume wa kwenye kalenda. Na Mama kila asubuhi alikuwa akisogeza kikombe chake cha chai karibu zaidi na mwili, asije akakikosa.

Wenye vitabu anavyovichorea Kifutio walikuwa wamempa tableti, nayo aliitia kwenye droo.

"Kitoto kile?" alisema. "Matabaka yake machache, na ukikigusa vibaya kinafanya mambo yake."

"Lakini kinabebeka," nikamwambia. "Mpelekee Mama kitandani, akitazame kwa karibu."

Akanitazama kama niliyemshauri apike kwa mshumaa. Kesho yake alasiri, tulipomaliza kusali, nikamkuta ameketi kitandani ubavuni mwa Mama, karibu na dirisha, tableti mapajani, mwanga wake ameupunguza. Mama ameinamisha uso juu ya kioo kama anayenusa mboga kuona imeiva.

"Kumbe unachora hapa hapa," akasema.

"Hapa hapa, Mama. Kalamu inapogusa ndipo rangi inapotoka."

"Haya. Hata mimi naweza kukufuata."

Picha ya kitambulisho ilikuwa imesahaulika chumba cha nyuma, kwa hiyo Kifutio alianza kwa kukumbuka tu, harakaharaka, hata matabaka hakuyapanga. Uso wote ukatoka, mdomo, macho, kofia. Kisha akanituma, "Dada, niletee ile picha, nisije nikaharibu." Nikaileta. Akaanza kusahihisha. Mdomo akaunyoosha, kidevu akakipunguza, sikio akalirudisha mahali pake, shavu akalitia kivuli. Mwisho Mama akainua kichwa.

"Mzuri," akasema, kwa sauti ya mtu anayesifu pazia la jirani.

Sasa hapa lazima nieleze jambo. Baba alikuwa fundi cherehani, na Mama ndiye aliyepiga pasi nguo alizoshona Baba. Kabla pasi haijagusa nguo ya mtu, Mama alilowesha vidole viwili kwa mate, cha shahada na cha kati, akaigonga pasi mara moja, upesi, ajue kama imeshika moto. Vidole hivyo hivyo ndivyo alivyotugonga kwenye paji la uso tukiwa na homa. Mpaka leo, kitu asichokuwa na hakika nacho, anakigonga.

Akanyoosha mkono, akamgonga Baba shavuni.

Kivuli cha shavu kikapotea.

"Mama!" Kifutio akaruka. "Ukigonga kwa vidole viwili inafuta cha mwisho!"

"Kumbe imekufuata wewe," Mama akasema, akagonga tena. Sikio likarudi lilikokuwa.

"Mama, jamani, acha! Kule kwenye kompyuta hata ungepapasa kioo kizima kisingefutika kitu!"

"Subiri kwanza."

Safari hii vidole hakuviinua. Akaviacha pale pale juu ya shavu, na mistari ikaanza kurudi nyuma yenyewe, mmoja baada ya mwingine, mbio. Kidevu kikarudi. Mdomo ukalegea, ukapinda kidogo upande wa kushoto, ukafumba.

"Hapo!" Mama akatoa mkono.

Nikainama nitazame, machozi yakanitoka bila kuyaita. Baba alikuwa akibana pini kwenye pembe ya mdomo wakati anampima mteja mkono wa shati. Hata ukimwamkia alijibu "Mm" na pini zake, mpaka mdomo ukazoea kukaa hivyo, pini ziwepo zisiwepo. Siku ya kupigwa ile picha ya kitambulisho walimwambia anyooke.

"Huyu ndiye," Mama akasema. "Msimsemeshe, atazimeza."

Kifutio alikuwa amenyoosha vidole vitatu juu ya kioo. Kwa vitatu, aliwahi kunieleza, unarudisha yote yaliyofutwa.

"Dada, sikio halijakaa sawa. Shingo haina kivuli. Hii nilikuwa natafuta njia tu."

Nikamwomba Mungu anifunge mdomo, maana uamuzi haukuwa wangu. Mama ndiye aliyesema, taratibu, "Mwanangu, jicho langu haliwezi kungoja sikio."

Kifutio akakunja kidole kimoja, cha pili, cha tatu, akaukalia mkono wake.

Picha aliipeleka ikachapwe vile vile. Kwa kuwa kwenye tableti aliianza ndogo, kuikuza mpaka ienee ile fremu ya dhahabu kungeiharibu, mistari ingechanika kama nguo iliyoliwa na nondo. Kaka alinuna.

"Yaani fremu yangu yote ile ni ya hewa?"

"Tengeneza ndogo," Mama akamwambia. "Ya kushika mkononi. Na kioo usitie, kinaniwaka machoni."

Akatengeneza, ukubwa wa sahani. Mama akaipokea, akaisogeza mpaka pua ikakaribia karatasi, akakaa nayo hivyo. Kisha akalowesha vidole viwili, akamgonga Baba shavuni. Kifutio akashtuka, kana kwamba na karatasi nayo ingefuta.

"Ametulia," Mama akasema.

Jicho bado linaona kidogo, tunamshukuru Mungu, na kila asubuhi kabla ya chai anamsogeza Baba dirishani wasalimiane. Fremu ya dhahabu bado iko ukutani, tupu. Kifutio yuko chumba cha nyuma, kompyuta inavuma. Anasema amebakiza sikio tu.