Mtoto Ambaye Hajazaliwa Bado

Wiki jana, kambini Kitshanga, nilisimama karibu na meza ya kugawia watoto unga wa uji. Orodha ilitengenezwa Goma. Ilipofunguliwa kwenye ordinateri ya hapa, yenye programu nyingine, tarehe zote zilisogea mbele miaka minne.

"Mama, mutoto wako hajazaliwa bado," karani alisema. "Ordinateri inasema atazaliwa kisha miaka mbili."

Mama huyo, aliyekimbia vita Ngungu, alifungua kitenge mgongoni, akamketisha binti yake mezani. Mtoto akaangua kilio cha njaa.

"Basi Papa, umuambie anyamaze mpaka azaliwe."

Karani akatoa unga haraka. Nilidhani sasa angesahihisha tarehe. Wapi! Pembeni ya jina aliandika: "Amezaliwa mapema."