Mlango wa Pili wa Kituo cha Wazee

Bibi Kabula wa kijiji cha Mwamkulu si mtu wa kunyamaza. Alikuja Katavi kutoka Maswa na mtoto mgongoni, akiswaga ng'ombe pamoja na mumewe, akalima mpunga mpaka magoti yakagoma. Mume hayupo tena na ng'ombe wamepungua, lakini mdomo uko pale pale. Hutania kila mtu, padri na shehe wamo. Anayesalimika ni mmoja tu: Luhende, mume wa binti yake Esteria.

Kwa Wasukuma mkwe ni mkwe. Kabula na Luhende hawali pamoja, hawaketi chumba kimoja, na wakikutana njiani mmoja huchepukia shambani mpaka mwenzake apite. Si kwamba wanachukiana, jamani. Ndiyo heshima yenyewe, na wanapendana sana, ila kwa mbali. Sasa Luhende naye amezeeka, na tangu apate kiharusi mkono wake wa kulia umelegea, hata kikombe hakishiki.

Basi zikaja habari za kituo cha wazee: mazoezi ya viungo, kupima presha, uji, na mahali pa kupiga soga. Dorice, ofisa kutoka Mpanda mjini, akaitisha mkutano katika darasa la shule ili wazee waseme wanataka kiweje. Akabandika mchoro ubaoni, akaueleza kwa sauti. Ukumbi mmoja mkubwa, mlango mmoja.

"Kituo ni chenu nyie," akasema. "Nipeni maoni."

Wazee wakapiga makofi. Mgeni akileta kitu, watu wa pale hawana uvivu wa makofi, hata kama kitu chenyewe hakiwafai.

Kabula aliyasikia makofi hayo akiwa nje, amekaa kwenye kigoda chini ya dirisha, kwa kuwa Luhende alikuwa ndani. Moyo ukamlipuka. Ukumbi mmoja maana yake mmoja wao abaki nyumbani, na alimjua mkwe wake: angemwachia yeye nafasi bila kusema neno, na mkono ule ungekufa kabisa. Lakini kumtaja mkwe hadharani, naye anasikia! Aibu ilimpanda hadi masikioni. Akavuta kanga usoni, akasema hivyo hivyo.

"Mwanangu, huo ukumbi wako utatufukuza!"

Dorice akageuka huku na huku. "Nani anaongea?"

"Mimi, Kabula. Niko huku nje."

"Shikamoo bibi. Ingia basi ndani, viti vipo."

"Marahaba. Siingii, mkwe wangu yumo humo. Hata hicho kituo, akiingia yeye mimi siingii. Na yeye ndiye mgonjwa zaidi."

Pontien, mjumbe wa kamati, akacheka. "Bibi, mambo ya ukwe si uyaache nyumbani? Hii ni serikali."

"Pontien, serikali haijamwoa binti yangu. Dorice, mama, hebu chungulia hapa dirishani."

Dorice akachungulia. Mabibi wamejipanga ukutani kutoka dirisha la kwanza mpaka pembe ya darasa, kanga vichwani, kila mmoja na mkwe wake ndani. Tangu asubuhi alikuwa akijiuliza kwa nini wanawake hawakuja.

"Kumbe mko huku!" akasema. Darasa zima likaangua kicheko, Pontien naye akiwemo. Dorice akabandua mchoro, akatoka nao nje, na mkutano ukaanza upya pale ukutani, wanaume wakisikiliza kwa ndani.

Kituo kilipofunguliwa kilikuwa na milango miwili, kumbi mbili, na ukuta katikati. Kabula aliingia kwa mlango wa wanawake, akalazwa kwenye mkeka, akaanza kunyanyua goti huku akimtukana mwalimu wa mazoezi kwa utani. Mara sauti ikapenya kutoka upande wa pili.

"Mzee Luhende, shika kikombe. Shika... usiachie... Ameshika! Anakunywa mwenyewe!"

Kabula akasahau goti. Akaketi kwenye mkeka machozi yakimtoka, akaugeukia ukuta, akapiga kigelegele mpaka wanaume wa upande wa pili wakanyamaza kumsikiliza.