Jinsi Stany Alivyofunga Mpaka

Stany Numbi alifunga mpaka wa Zambia kwa karatasi mbili na nusu. Najua kwa sababu ni mimi niliyezipiga chapa, katika kibanda changu cha fotokopi mbele ya soko la Manika, na umeme ulikatika mara tatu kabla hatujamaliza. Watu husema waziri ndiye aliyefunga. Waziri alitia sahihi tu.

Kabla ya hapo alikuwa mtu wa kawaida kabisa. Mzaliwa wa Kabongo, mwimbaji wa kwaya ya parokia, jirani yangu kwa miaka kumi na minne. Kolwezi nzima ikikimbilia shaba na kobalti, yeye alikuwa anasaga mahindi. Alisimamia mashine ya pili katika kinu kimoja nje kidogo ya mji, na wenzake walimchagua kuwa mjumbe wao wa sendika, chama cha wafanyakazi, kwa sababu ana sauti nene na haogopi watu wa ofisini. Sijawahi kusikia sifa nyingine aliyoulizwa.

Kinu kile kilikuwa na desturi moja, iliyotoka kwenye makampuni ya shaba ya enzi za baba zetu: mwisho wa mwezi, juu ya mshahara, kila mfanyakazi alipewa posho ya gunia moja la unga. Hapa kwetu posho si jambo dogo. Mwanaume akionekana anashusha gunia mbele ya mlango wake, huyo ana kazi, na hata wakwe zake wanampunguzia maneno.

Lakini gunia la Stany halikulala nyumbani hata siku moja. Mkewe, Mamie, alilipokea kwa heshima zote, akaliuza jioni ile ile kwa wachuuzi wanaopanda treni ya Kasaji, ambako unga wa Zambia haufiki. Kisha akanunua unga huo wa Zambia, mweupe zaidi na wa bei nafuu, na chenji ikamtosha samaki na sabuni. Wake wote wa wafanyakazi walifanya hivyo hivyo. Kila mtu alijua, hakuna aliyesema. Mimi nilisema siku moja, kwa utani, na Stany hakunisalimia wiki nzima.

Unafuu ule ulitokana na siasa. Nchi yetu na Zambia zilikuwa zimekubaliana kuondoleana ushuru, na katika uchaguzi uliotangulia Stany mwenyewe alimpigia debe mgombea aliyeahidi kufungua milango ya biashara. Alivaa fulana yake mpaka ikachanika kwapani.

"Bunga iko bunga tu, tata," aliniambia wakati ule, akiniita baba kama ilivyo desturi ya huku. "Nani anaulizaka inatoka wapi?"

Siku moja mkurugenzi, bwana Zéphirin, aliwakusanya wafanyakazi uani. Aliwaambia kwamba unga wao unaharibika ghalani kwa kukosa wanunuzi, na mambo yakiendelea hivyo, kabla ya Pasaka mashine ya pili itazimwa na watu arobaini watarudi nyumbani. Mashine ya pili ndiyo ya Stany. Jioni hiyo aliingia kibandani kwangu bila hodi.

"Tata Twahiru, andika," alisema. "Andika kama bale ba Zambia banatuua."

"Banawaua na nini?"

"Na bunga yabo."

"Ile bunga mama Mamie anapikaka kila siku?"

Alinikazia macho. Nyusi zake bado zilikuwa nyeupe kwa vumbi la kazi. "Weye andika tu. Mambo ya nyumba iko mambo ya nyumba."

Basi nikaandika. Nilitia heshima ya taifa, nikatia njaa ya watoto, nikatia jasho la mkulima wa Lubudi, ambaye kinu hakikuwahi kununua kwake hata debe moja. Bwana Zéphirin aliisoma rasimu, akaisifu sana, akaomba tuongeze mstari mmoja: kwamba mahindi yasiyosagwa yaendelee kupita mpakani, kwa kuwa kinu kinayanunua huko huko Zambia. Tukaongeza. Stany hakuona tatizo, na mimi nilikuwa nimelewa maneno yangu mwenyewe.

Waliandamana hadi ofisi ya mkoa wakiwa na kofia mpya walizonunuliwa na mkurugenzi. Nami nilikwenda, nimebeba nakala. Saa sita tuliambiwa tusubiri, na wake zao wakaleta chakula. Tukaketi chini ya kitambaa kilichoandikwa kwa rangi nyekundu kwamba unga wa kigeni ni sumu, tukala bukari, yaani ugali, la unga wa Zambia kwa mboga ya lengalenga. Lilikuwa laini, jeupe, tamu. Wengi waliomba nyongeza.

Baada ya wiki tano amri ya waziri ikatoka: unga marufuku, mahindi ruhusa. Stany alibebwa juujuu kutoka lango la kinu hadi kanisani. Ile fulana ya kufungua milango Mamie akaifanya tambara la kufutia sakafu.

Siwezi kusema walidanganywa, maana mashine ya pili haikuzimwa. Ilisaga mchana kutwa. Bei ya unga ikapanda sokoni wiki kwa wiki, na sasa hapakuwa na unga nafuu wa kubadilisha na posho. Kwa mara ya kwanza Mamie alifungua gunia la mumewe na kupika unga wake.

"Nilionja," Stany aliniambia, kwa sauti ya chini kidogo. "Inakwaruza mu koo. Miaka kumi na kenda mi nasaga ile kitu, sikujuaka."

Hata hivyo gunia lilikuwapo, na watoto watano walikuwa wakishiba, wakikwaruzwa. Mwezi wa tatu baada ya amri, bwana Zéphirin alimwita mjumbe wa sendika ofisini. Alimshukuru kwanza. Kisha akamweleza kwamba unga sasa umekuwa mali, na kampuni haiwezi tena kugawa mali bure. Badala ya gunia, kila mfanyakazi atapewa fedha taslimu, kwa bei ya gunia iliyoandikwa katika mkataba wa miaka minane iliyopita. Kwa bei ya sokoni, fedha hizo zilitosha robo ya gunia.

Stany alisimama, akagonga meza, akasema aliyoyasema. Mkurugenzi alimsubiri amalize. Akamjibu kwa upole kwamba ipo njia nyingine: waandike tena pamoja, waombe mpaka ufunguliwe, na unga ushuke bei. Mashine ya pili itazimwa, lakini kila mtu atakula vizuri. Achague yeye. Stany akatia sahihi ya kukubali fedha kwa niaba ya wenzake wote, akarudi kwenye mashine yake.

Nilimkasirikia siku nyingi. Baadaye nikakumbuka nani aliyemtafutia yale maneno matamu, nikajikasirikia na mimi.

Kisha ukaja uchaguzi mwingine. Mgombea mmoja aliahidi kufungua mpaka, mwingine kuufunga zaidi, kama kwamba ulikuwa umebaki mwanya. Mamie, ambaye hajawahi kupoteza dakika kwa siasa, alitamka mbele ya majirani: "Mi nitapigia ule wa kufungua. Mashini ya tata Stany haipikake." Wake za wenzake wakasema vivyo hivyo. Waume zao walitazama viatu vyao.

Siku ya kura nilimkuta Stany akitoka shuleni walikopigia, kidole kina wino. Nikamuuliza alimpigia nani.

"Ule wa kufunga."

"Na posho yako?"

"Posho ilikwenda. Mashini iko." Akajaribu kufuta wino kwenye suruali. "Bakizima mashini, tata, mi nitakuwa nani hapa Kolwezi? Nitaenda kuchimba na haya magoti?"

Nilikuwa na jibu kali, nimelitayarisha wiki nzima. Sikulitoa, kwa sababu nilimwona anaogopa kweli, na sikuwahi kumwona Stany akiogopa.

Jumatatu jioni nilipita uani kwao kurudisha nyundo. Zamani wafanyakazi wa kinu walikung'uta nguo zao langoni kabla ya kutoka, kukawa na wingu jeupe barabarani. Walinzi sasa huwapapasa mifuko, lakini vumbi la mwilini hawalihesabu. Mamie alikuwa amemkataza mumewe kujikung'uta huko. Alikuwa ameweka beseni safi chini, na Stany amesimama kando yake na kaptura, ameinua suruali yake ya kazi kwa mikono miwili, akiipiga polepole ili kisipotee kitu. Waliponiona hawakuacha. Unga ulioanguka ungetosha uji wa mtoto mmoja, na Mamie alikuwa tayari amemwita aliye mdogo.