Mfuko wa Buluu Wenye Kiraka Chekundu

Mtaani walimwita Shangazi Tahadhari, na jina hilo lilimkaa kuliko gauni lolote alilowahi kushona. Alikuwa fundi cherehani. Chumba chake kilitazama barabara, cherehani mlangoni, simu pembeni ya mkasi. Mguu ukikanyaga pedali, dole gumba linasambaza habari. Usipokee simu ya namba ngeni, utatokwa damu masikioni. Usimsogelee mwanamke anayelia njia panda na kichanga mkononi. Si mtoto yule, ni mdoli. Kila ujumbe uliishia na maneno yale yale, watumie uwapendao, naye aliwapenda kweli majirani zake. Hilo tusimnyime.

Tatizo lilikuwa chumvi. Habari ikimfikia bila alama ya kumtambua mbaya mwenyewe, aliiona mbichi, kama gauni lisilo na vifungo. Basi hutia kifungo chake, gari jeupe lililobonyea, au kovu shavuni, kisha huongeza kwamba jirani yake ameona kwa macho. Watu wakatetemeka, wakashukuru.

Asubuhi hiyo uliingia ujumbe kwamba kuna mtu anapita nyumba kwa nyumba anaiba watoto. Hana sura wala umri. Chini yake: "Akitokea mtu wa kumtetea, msimsikilize, ni mwenzake." Shangazi akaguna. Akainua macho kutafuta alama, na mbele yake, juu ya cherehani, ulilala mfuko wa turubai aliotoka kuutia kiraka. Akaongeza kwenye ujumbe ule: "Anabeba mfuko wa buluu wenye kiraka chekundu." Akatuma kwenye kundi la majirani, akakata uzi kwa meno.

Mfuko ule ulikuwa wa mdogo wake, mnoa visu, mtu wa kupita nyumba kwa nyumba akibisha hodi. Haikupita muda akaja kuuchukua. Akachomeka simu yake kwenye chaji pale rafuni kama kawaida yake, akaugeuza mfuko huku na huku.

"Dada, kiraka chekundu chote hiki! Si nitaonekana toka mbali?"

"Ndiyo vizuri, wateja wakuone," alijibu bila kuinua uso, maana shukrani zilikuwa zinamiminika kwenye simu.

Mdogo wake akacheka, akapakia visu vyake, akaondoka.

Ujumbe ulimrudia Shangazi kutoka kundi lingine, umenenepa: "AMEONEKANA NYUMA YA SHULE. MFUKO WA BULUU, KIRAKA CHEKUNDU." Hapo ndipo moyo ulipompiga paa. Akampigia mdogo wake. Simu ikaita palepale rafuni.

Sentensi moja tu ingetosha. Akaiandika: "Jamani, alama ile niliitia mimi." Kabla hajaituma, jirani wa ukuta mmoja akaandika: "Shangazi, bila wewe tungekuwa wapi? Nimewafungia wanangu ndani." Akaisoma mara mbili. Akafuta sentensi yake. Aibu ilikuwepo, lakini lililomuuma zaidi ni kurudi kuwa fundi cherehani tu, mtu wa kuulizwa suruali itakuwa tayari lini. Akajiambia atamwahi mdogo wake kwa miguu, amnyang'anye mfuko, na mambo yaishe kimyakimya.

Nyuma ya shule milango ilikuwa imefungwa, na nguo zilizoanikwa hazikuwa na wa kuzianua. Makelele yalitoka mtaa wa pili. Simu ikatetemeka mkononi. Picha: mfuko umetupwa chini, umefunguliwa, visu vimetapakaa, na pembeni ukosi wa shati la mdogo wake, aliougeuza yeye mwenyewe kwa mkono. "Amekamatwa. Ana visu vitupu! Mungu akubariki, Shangazi Tahadhari."

Akaandika huku vidole vikikosa herufi: "Ni mdogo wangu! Ananoa visu! Mwacheni! Habari ya mfuko nilitunga mimi!"

Muuza nyama akaandika: "Simu ya Shangazi imeibiwa, au nini?"

Mwingine: "Si alituambia mwenyewe asubuhi? Akitokea mtu wa kumtetea, ni mwenzake."

Yule jirani aliyewafungia wanawe akaandika: "Huyo anayetumia simu ya Shangazi wetu yuko wapi sasa hivi? Mtafuteni."

Shangazi alikuwa ameshaanza kukimbia. Khanga ilimdondoka, hakugeuka. Alikata kona akipiga ukelele, "Mwacheni, ni mdogo wangu!" na katikati ya umati ule alisikia sauti ikiita dada, mara moja, ikazimwa. Wengi wa watu wale walitoka mitaa ya mbali, hawakuwahi kumwona. Waliokuwa nyuma wakamgeukia. Wakatazama simu zao, kisha wakamtazama yeye.